Wiki Tatu Bila Kuwagusa Wanangu

Kazi yangu ni kupima maziwa, na wakulima wa Nyansiongo husema kazi yangu hasa ni kuyakataa. Kila asubuhi nasimama kwenye kituo cha ushirika wetu, mitungi inaletwa kwa pikipiki, kwa punda na kwa vichwa vya watu, na hakuna mtungi unaomwagwa kwenye tangi kabla sijaukoroga, nikaunusa, nikachota maziwa kidogo na kuyachanganya na spiriti ndani ya kikombe kidogo. Yakikaa sawa, unapita. Yakiganda vipunje vipunje, unarudi nayo nyumbani, uwe nani. Nimewahi kumrudisha mchungaji wetu na mtungi wake mzima, na Sabato iliyofuata akanisalimia kwa vidole viwili tu. Naanza na habari za kazi kwa sababu nilipougua niliuendesha ugonjwa wangu kama ninavyoendesha kituo, na hapo ndipo nilipopotea.

Naitwa Kwamboka, lakini huku kila mtu ananiita Mama Moraa. Mume wangu, Mokaya, ni mwalimu wa shule ya msingi. Moraa alikuwa na miaka minne, yuko nasari, na mdogo wake Obare alikuwa na miezi saba, mnene, ananyonya kama aliyetumwa. Ng'ambo ya ua anaishi mama mkwe wangu, ambaye watoto wanamwita Magokoro, yaani nyanya. Tulikuwa na ng'ombe watatu, ndizi, na shamba dogo la mahindi. Nilikuwa na afya. Hata nilikuwa najisifu kwamba mara ya mwisho kulala kitandani mchana ilikuwa siku niliyojifungua.

Ilianza na kuwashwa sehemu za siri. Nilidhani ni sabuni mpya ya kufulia. Siku ya pili nikapata homa, kichwa kikauma, na miguu ikawa mizito. Siku ya tatu mitoki ikatokeza kwenye nyonga zote mbili, mikubwa kama mbegu za parachichi, nikawa natembea kwa kutanua miguu. Wenzangu pale kituoni wakaanza kuchekana, wakisema Mwalimu hana huruma, mtoto wa pili hajaota meno na tayari ameleta mwingine. Nilicheka nao. Nilipofika nyumbani nilijifungia nikachukua kioo cha mkononi nikajitazama. Palikuwa na vilengelenge vidogo vimekaa pamoja kama kundi, vina maji ndani. Kesho yake vilipasuka, vikawa vidonda vibichi. Kukojoa kukawa ni kazi ya kujikaza. Nilikuwa naingia chooni na jagi la maji ya vuguvugu, najimwagia huku nakojoa, na bado nauma ncha ya leso.

Sikuenda kwenye zahanati yetu, maana muuguzi wa pale ni mwimbaji mwenzangu kanisani. Nilienda Keroka, ambako hakuna anayenijua, nikaingia kliniki ndogo iliyokuwa na benchi moja na watu wengi. Kijana aliyenihudumia alinitazama nyuma ya pazia kwa muda usiofika dakika moja. Alinipima pia virusi vya ukimwi, nikaonekana sina, nikamshukuru Mungu. Kisha akaniambia yale mengine huku anaandika.

"Hii ni herpesi. Ni ya zinaa na haiponi. Chunga usiwaambukize wengine nyumbani."

Akanipa vidonge, akaita anayefuata. Sikumuuliza swali hata moja. Mimi ni mke wa mwalimu, ni shemasi kanisani, ninanyonyesha. Neno zinaa lilinifunga mdomo kabisa. Nilitoka pale nikiwa nimebaki na maneno mawili tu kichwani, wengine nyumbani, na wengine nyumbani kwangu mimi ni nani kama si watoto wangu.

Sasa, sikilizeni jinsi mtu wa maziwa anavyofikiri. Ng'ombe akiwa na vidonda kwenye chuchu au ugonjwa wa kiwele, hatumwachi hivi hivi kundini. Anakamuliwa mwisho, baada ya wazima wote. Anakuwa na kitambaa chake na ndoo yake. Anayemkamua ananawa kwa dawa kabla hajagusa kitu kingine. Ndama wake haachwi anyonye, anapewa maziwa ya ng'ombe mwingine kwenye ndoo. Hayo nimewafundisha wakulima kwa miaka, na asiyeyafuata namrudishia maziwa yake. Basi nilivyoshuka pale stendi ya nyumbani nilikuwa nimeshaamua. Nilijitoa kundini.

Nilinunua karai langu, sahani yangu, kikombe changu na kijiti cha rangi nyekundu cha kuvitia alama. Taulo langu nililianika nyuma ya choo, mbali na nguo za wengine. Nikawa naoga wa mwisho. Nikahamia sebuleni kulala kwenye kochi, nikamwambia Mokaya kwamba mgongo unanisumbua na kitanda ni laini mno. Nilichukua ile dawa tunayochovyea chuchu za ng'ombe, nikawa nanawia mikono kila baada ya kushika kitu, mpaka ngozi ikapasuka kwenye viungo vya vidole. Na siku moja, naona aibu kusema lakini nitasema, nilijiosha kwayo kule chini kwenye vidonda. Nilianguka magoti kwenye sakafu ya bafu. Hata leo nikisikia harufu ya ile dawa kwenye zizi mapaja yananibana yenyewe.

Obare nilimwachisha ziwa siku moja, kama kukata kwa kisu. Nilimwambia Magokoro maziwa yamekauka. Uongo mtupu. Matiti yalikuwa yamejaa mpaka yakawa magumu kama mawe, yana joto, nguo ikiyagusa nasikia maumivu hadi kwapani. Nilikuwa naenda nyuma ya migomba nakamulia chini, na maziwa mazuri yanazama kwenye udongo huku namsikia mtoto analia ng'ambo ya ua. Magokoro ndiye aliyemchukua. Akampikia uji wa wimbi, akampa maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa. Tumbo la mtoto likakataa, akaharisha, na mashavu yake yakaanza kwisha.

Moraa alikuwa na desturi ya kunikimbilia nikirudi kazini. Anaachilia chochote alicho nacho anakuja mbio ananirukia mapajani. Siku ya kwanza niliinua mkono kama askari wa barabarani, nikamwambia, "Usiniguse, mama ana kidonda." Siku ya pili vilevile. Ya tatu alikuja akasimama hatua chache, akanitazama kama atauliza kitu, asiulize. Baada ya hapo hakukimbia tena. Alikuwa anasimama mlangoni kwa Magokoro, ananipungia mkono kutoka huko.

Vidonda vyangu vilikauka kabla wiki ya pili haijaisha. Mitoki ikashuka, nikaanza kukojoa kama watu. Lakini yule kijana alisema haiponi, kwa hiyo sikuona sababu ya kulegeza. Nilijiona nimewaokoa wanangu. Nilikuwa na huzuni, ndiyo, ila nilikuwa pia na kiburi fulani cha mtu anayefuata sheria.

Wiki ya tatu Moraa akaugua. Mwalimu wake wa nasari alimleta nyumbani ana homa kali. Hakutaka chakula, hata ndizi mbivu aliisukuma. Mate yalikuwa yanamtoka yenyewe yanalowesha kola. Magokoro alipomfungua mdomo, ufizi ulikuwa umevimba, mwekundu, unavuja damu, na ulimi una madoa meupe. Nilikuwa nimesimama nyuma, kwa umbali wangu ule wa kujiwekea. Kisha Moraa akageuza uso, nikaona pembeni mwa mdomo wake kundi la vilengelenge vidogo vyenye maji, na kimoja kwenye kidole gumba anachonyonya. Nilivijua. Ni vilevile nilivyoviona kwenye kioo cha mkononi. Niliketi kwenye mawe ya jiko.

Mokaya aliporudi shuleni nilimwita jikoni nikamwambia yote. Kuwashwa, Keroka, neno la zinaa, kochi, maziwa nyuma ya migomba. Nilimwambia nimemuua mtoto wake kwa ugonjwa wa aibu na sijui nilivyofanya. Nilikuwa namngojea anipige, au aniambie nirudi kwetu Ikonge. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mimi nilitokwa na vidonda kama hivyo chuoni, kabla hatujaoana," alisema. "Mara mbili. Nilinunua dawa dukani nikanyamaza. Huenda ni mimi, Mama Moraa. Tutaulizana baadaye. Sasa hivi mtoto."

Tuliwachukua watoto wote wawili tukaenda Kisii mjini, kwenye hospitali ambayo binamu wa Mokaya aliisifu kwa daktari wa watoto. Tulikaa kwenye foleni. Moraa alikuwa amechoka, kichwa kinamlalia begani, na mimi nikajisahau kabisa, nikanyoosha mikono nimpakate. Alijivuta pembeni, akaficha kile kidole chake nyuma ya mgongo.

"Usinishike, mama," alisema, mate yakimchuruzika. "Mimi pia niko na kidonda."

Nililia pale pale kwenye foleni, mbele ya watu. Kumbe mtoto alikuwa ameelewa kwamba mtu mwenye kidonda anatakiwa kuwakinga wengine, na alikuwa ananikinga mimi. Nilimfundisha mwenyewe. Mokaya alinipa kitambaa chake, akampakata yeye.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mzito, mpole, mwenye sauti ya mtu asiyekimbizwa na saa. Alimtazama Moraa mdomoni kwa tochi, akamtazama Obare kila mahali, hadi katikati ya vidole. Kisha akaniuliza nina nini, maana macho yalikuwa yamevimba. Nilimwambia kila kitu kama nilivyomwambia Mokaya, na nilipofika kwenye dawa ya chuchu za ng'ombe aliweka kalamu chini.

Hakunikemea. Alinieleza taratibu kwamba virusi hivi ni ndugu wawili. Mmoja hupenda mdomoni, mwingine hupenda kule chini, ingawa kila mmoja anaweza kutembelea kwa mwenzake. Yule wa mdomoni tunaye wengi sana, tangu utoto, na wengine hawajui hata kama wanaye. Akavuta pembe ya mdomo wake akanionyesha kovu dogo, akasema hata yeye anaye, na akikosa usingizi kidonda kinamtoka. Akasema havikai kwenye karai, wala sahani, wala taulo langu lililoteseka nyuma ya choo. Vinataka ngozi iguse kidonda, au busu, au mate ya mwenye kidonda. Mtu akiwa na vidonda kule chini anawe mikono kwa sabuni ya kawaida baada ya kujigusa, avae nguo zake, akumbatie watoto wake.

"Na maziwa?" niliuliza.

"Una kidonda kwenye titi?"

"Hapana. Sijawahi."

"Basi maziwa hayakuwa na kosa lolote," alisema. "Mrudishe mtoto ziwani leo."

Kisha akasema jambo ambalo nataka kila mjamzito alisikie. Obare angekuwa na wiki mbili au tatu tangu azaliwe, na ametokwa na lengelenge lolote au amepata homa, angemlaza wodini siku hiyo hiyo bila kungoja, kwa sababu kwa mtoto mchanga virusi hivi ni hatari kweli. Mwanamke mwenye mimba akijua anavyo, au akitokwa na vidonda, aseme kliniki mapema. Lakini mtoto wa miezi saba aliyezaliwa salama, na wa miaka minne, hiyo ni habari nyingine.

Sikuridhika. Nilimwambia awapime wote wawili, damu, mate, chochote. Alikubali kuchukua majimaji ya lengelenge la Moraa kwa kijiti cha pamba, kipelekwe maabara kubwa, na mimi nitolewe damu kuona ni ndugu yupi niliye naye. Akasema dawa ya Moraa haingoji majibu, ataanza leo. Lakini kwa Obare alikataa. Hana kidonda, hana homa, na damu yake inaweza kuwa bado na kinga nilizompa tumboni, kwa hiyo karatasi ingeweza kusema kitu ambacho si ugonjwa wake.

"Daktari, mimi kazini sipokei mtungi bila kuupima," nilimwambia.

"Huyu si mtungi," alinijibu. "Kipimo ambacho hakitabadilisha ninachomfanyia mtoto, simtobolei mtoto sindano kwa ajili yake. Wasiwasi ni wako. Huo tutautibu kwa maneno."

Mokaya alicheka, nami nikakasirika.

Kabla hatujatoka aliuliza nyumbani kwetu ni nani hutokwa na vidonda mdomoni akishikwa na homa. Tukatazamana na Mokaya. Magokoro. Kila msimu wa baridi mdomo wake hupasuka upande mmoja, anapaka mafuta, anaendelea na kazi. Na Magokoro, kama akina nyanya wote wa kwetu, haamini uji umepoa mpaka auonje kwa midomo yake, kijiko kile kile, ndipo aupeleke kinywani mwa mtoto. Nilikumbuka kwamba wiki zile tatu ndiye aliyewalisha wote wawili, kwa sababu mimi nilikuwa nimejitoa kundini.

"Msiende kumlaumu," daktari alisema, kana kwamba amenisoma. "Mtoto angekosa kukipata kwake angekipata nasari."

Siku za kungoja majibu zilikuwa ndefu. Moraa alianza kupata nafuu, homa ikashuka, akanywa maziwa baridi, kisha uji, kisha akadai mayai. Mimi nilimpakata sasa, kwa nguvu kidogo, maana alikuwa bado anajivuta. Lakini Obare sikumrudisha ziwani. Niseme ukweli. Akili ilimwamini daktari, mikono ilikuwa inangoja karatasi. Nilikamua kila siku ili maziwa yasipotee, nikamwaga.

Majibu yalipotoka nilienda peke yangu. Daktari alinisomea mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikusikia. Moraa ana yule ndugu wa mdomoni. Mimi nina yule wa chini. Sikumpa mwanangu ugonjwa wangu. Atabaki na virusi hivyo kama sisi wengi, huenda kidonda kikamtoka mdomoni akipata mafua, huenda kisimtoke tena maisha yake yote. Nilitoka nikaketi kwenye ngazi za mlangoni nikacheka peke yangu mpaka askari wa lango akaja kuniuliza kama niko sawa. Nilimwambia niko sawa sana. Mwili mzima ulikuwa mwepesi, kama siku unaposhusha mtungi uliojaa baada ya kuubeba mlima mzima.

Nyumbani Mokaya alifurahi, akashukuru Mungu, akasema sasa tumwambie tu Mama kwamba kijiko chake ndicho kilicholeta vidonda, awe na kijiko chake, na mambo yetu mengine yabaki ndani ya nyumba yetu. Nilikubali. Hata nilivuka ua nikiwa nimepanga maneno. Nilimkuta jikoni kwake, Obare mgongoni amelala, anachambua saga, zile mboga chungu za kwetu. Nikamtazama yule mama, mikono yake imejaa mipasuko ya kazi, nikaona nitakayoyafanya. Nitamwambia amemwambukiza mjukuu wake, na mimi niliyewakimbia watoto nikamwachia yeye kila kitu nitatoka pale nikiwa safi. Atakaa na lawama hiyo mpaka afe. Sikuweza.

Niliketi kwenye kigoda nikamwambia kwa Kigusii, bila kuruka kitu. Nilianza na wangu, ndipo nikafika kwenye wake. Nilimwambia alichosema daktari, kwamba chake ni cha watu wengi na hakuna mwenye makosa. Alichambua saga mpaka zikaisha, ndipo akasema.

"Mokamwana, nilikuona umemwachisha mtoto, umehamia sebuleni, umejitengea vyombo. Nikajua unafunga mizigo, unatuacha. Ndiyo maana nilimchukua huyu mgongoni mchana kutwa. Nilitaka anizoee mimi, ili ukienda asilie sana."

Kwetu, mokamwana ni mke wa mwanao, na yeye huniita hivyo akiwa amelainika moyo. Nilimwambia tu kwamba nilijifanyia kama ng'ombe mgonjwa. Hapo alicheka, akatikisa kichwa, akaniambia hata ng'ombe mgonjwa tunamwacha alambe ndama wake. Akafungua leso, akamshusha Obare, akamweka mapajani pangu.

"Mpe," alisema.

Sitawadanganya kwamba mtoto alirukia titi. Alilitazama kama kitu cha jirani, akaligeuzia shingo. Siku ya pili aliling'ata. Magokoro alinipikia uji wa wimbi mwingi kuliko wa mtu mmoja, nikamweka mtoto kifuani ngozi kwa ngozi kila nilipopata nafasi, asubuhi kabla ya kazi na jioni nikirudi. Siku ya nne, akiwa na usingizi nusu, alilishika, akavuta mara mbili tatu, na nikasikia maziwa yanashuka, ule mchomo mtamu ambao kila aliyenyonyesha anaujua. Nililia tena, lakini kilio kingine. Baada ya wiki chache mashavu yalikuwa yamerudi, na Magokoro anadai ni uji wake.

Muuguzi wa zahanati yetu, yule mwimbaji mwenzangu niliyemkimbia, ndiye aliyeniomba niwaeleze akina mama haya, na sasa nayaandika kwa wale ambao hawakuwapo. Ukiambiwa ugonjwa ambao huuelewi, usitoke chumbani kabla hujauliza unaambukizaje. Uliza hata kama foleni ni ndefu na uso unawaka. Mwambie mwenzako nyumbani. Mimi na Mokaya tuliulizana kama alivyosema, haikuwa mazungumzo mepesi, na hadi leo hatujui ni nani aliyeanza kuwa nacho. Daktari alisema hakuna kipimo cha kujibu swali hilo, tukaliacha. Nikihisi kuwashwa kule kwa mwanzo nameza vidonge mapema na tunakaa mbali kimwili mpaka pakauke. Mwenye kidonda mdomoni asibusu mtoto, hasa mchanga, na awe na kijiko chake mpaka kipone. Magokoro anafuata hilo kuliko sisi wote. Na dawa za mifugo ziacheni zizini.

Namshukuru Mungu, na yule daktari aliyekataa kumtoboa mwanangu sindano, na mama mkwe wangu. Mimi sijapona kwa maana ya kwamba virusi vimetoka. Vimenirudia mara mbili, kila mara vidogo, siku nne tano vikaisha. Mara ya pili ilikuwa mwezi uliopita. Nilikuwa nimeketi nje jioni nikisubiri vidonge vifanye kazi, nimekaa upande mmoja kwa sababu ya kuuma, na Moraa akaniona. Alikuja akasimama hatua chache.

"Mama, uko na kidonda?"

Nilimwambia ndiyo, niko nacho.

"Naweza kukaa?"

Nilimwambia njoo. Akaja, magoti yake yana tope la mchana mzima, akapanda mapajani pangu kwa uzito wake wote, pale pale panapouma, akaegemeza kichwa. Sikumwambia asogee.